VITAMINI SI DAWA YA UNENE
Neno kwa wakazi wa Mahege juu ya biashara ya makopo



Huenda wengine watashangaa kuliona jambo hili katika kijitabu cha haki na amani. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya mipaka ya mashamba, mifugo iingiayo katika mpunga, ushuru na rushwa. Leo twasema juu ya kopo la vidonge. Kopo hilo limeingia majumbani mwetu, limechukua fedha za mpunga na za korosho, na limewaachia watu aibu, madeni na, kwa baadhi yao, maradhi yaliyozidi. Pale ambapo mmoja hutajirika kwa kumdanganya mwingine, hapo pana suala la haki, hata kama udanganyifu wenyewe umefungwa katika karatasi nzuri na kuitwa afya.

1. Kinachouzwa

Mwuzaji kwa kawaida si mgeni. Ni jirani, ndugu wa ukoo, mwalimu wa watoto wetu, mtu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Huja na mizani, picha za watu waliokuwa wanene na sasa ni wembamba, na makopo yenye maandishi ambayo wengi wetu hatuwezi kuyasoma. Humpima mama uzito mbele ya wenzake, hutikisa kichwa, kisha hufungua mkoba.

Ndani ya mkoba mna vitamini, madini, unga wa kukoroga, majani ya chai na vidonge viitwavyo vya kuyeyusha mafuta. Ahadi ni kwamba mwili utapungua kilo kadhaa kwa mwezi, bila mtu kubadili chakula chake wala kutoka jasho. Mara nyingi kopo hilohilo huahidiwa pia kuondoa presha, kisukari na maumivu ya viungo. Bei yake huweza kufikia makumi ya maelfu ya shilingi, na mnunuzi huambiwa kwamba kopo moja halitoshi. Hana budi kuendelea kwa miezi mitatu au sita ili aone matokeo.

Sisi twasema wazi: hakuna vitamini hata moja iyeyushayo mafuta ya mwili wa binadamu. Mwenye kuiuza kwa ahadi hiyo anauza uongo.

2. Vitamini ni nini?

Elimu hii ya vitamini ilianza kwa mchele, nasi ni watu wa mchele. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakidhoofika miguu, mfano wa wagonjwa wa beriberi. Walipopewa mchele ambao haukuondolewa ganda lake la ndani, walipona. Mwaka 1912 Casimir Funk alitoa jina ambalo kwalo twaviita viini hivyo vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake.

Tuutazame ukweli uliomo katika habari hiyo. Vitamini huponya upungufu wa vitamini. Mwili uliopungukiwa huugua, na ukipewa kile ulichokosa hupona. Mwili uliotosheka haupati nguvu ya ziada kwa kuongezewa. Mabaharia wetu wanaelewa jambo hili kuliko sisi. Kalafati huziba nyufa za dau linalovuja. Lakini ukiliongezea kalafati dau lisilovuja, haliendi mbio zaidi. Vitamini B na C zikizidi, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo, na fedha zako hutoka pamoja nazo. Vitamini A ikizidi haitoki kirahisi, bali hujilimbikiza mwilini, na huweza kudhuru ini la mtu mzima na mtoto aliye tumboni.

Mafuta ya mwili nayo ni akiba ya nishati. Ni ghala. Ghala hupungua pale tu mtu anapotoa zaidi ya anachoingiza, na hakuna kidonge cha vitamini kiwezacho kubeba magunia kutoka humo. Mtu akila chakula kilekile, akakaa kitako kama alivyokuwa akikaa, kisha akameza vitamini, ghala lake litabaki lilivyo.

Wala hatusemi kwamba vitamini ni kitu kibaya. Kliniki zetu huwapa wajawazito vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, na watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Hayo hutolewa bila malipo, kwa sababu upungufu upo na umepimwa. Vitamini inayookoa maisha ya mtoto wa Mahege haina bei. Ile isiyomfaa mama yake ndiyo inayouzwa kwa makumi ya maelfu.

3. Mbona wengine hupungua?

Watu watatujibu: “Mbona fulani alitumia, na kweli alipungua?” Swali hilo ni halali, nasi tunalijibu kwa sehemu tatu.

Kwanza, wapo waliopungua kwa sababu pamoja na kopo walipewa masharti ya kuacha soda, kupunguza wali wa usiku na kutembea. Masharti ndiyo yaliyofanya kazi, na masharti hayo hayauzwi. Kopo lilipata sifa ya kazi iliyofanywa na miguu.

Pili, chai nyingi za kupunguza mwili zina sanamaki, majani yaleyale ambayo wazee wetu wa pwani waliyatumia kwa mtu aliyefunga choo. Mtu akiharisha hupoteza maji, na mizani hushuka. Akinywa maji, mizani hupanda tena. Mafuta hayakuguswa. Akiendelea kuharisha wiki kwa wiki, chumvi za mwili hupungua, na moyo wenyewe huweza kuyumba.

Tatu, na hili ni la hatari zaidi, vipo vidonge vinavyoitwa vya asili ilhali ndani yake zimefichwa dawa kali za kiwandani. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Tangu hapo imekutwa tena na tena ndani ya vidonge vya kupunguza unene ambavyo havikuitaja kwenye maandishi yake. Katika miaka ya 2007 hadi 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitambua virutubisho 776 vilivyochanganywa na dawa zisizotajwa. Takriban asilimia 41 vilikuwa vya kupunguza uzito. Huko pia mmea wa efedra, uliokuwa ukisifiwa kwa kuchoma mafuta, ulipigwa marufuku katika virutubisho mwaka 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Hata majani ya chai ya kijani, ambayo kama kinywaji hayana tatizo, yakikamuliwa na kukolezwa katika vidonge yamehusishwa na kuugua kwa ini.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya Marekani. Kama nchi yenye maabara nyingi na wakaguzi wengi ilikuta hayo, je, ni nani anayepima kopo linalofika Mahege ndani ya mkoba, juu ya bodaboda?

4. Faida ni ya nani?

Tuulize sasa swali ambalo wanyonge hawana budi kuliuliza kila mara: fedha zinakwenda wapi?

Biashara hii kwa sehemu kubwa huendeshwa kwa mtandao wa watu. Mnunuzi wa leo huombwa kuwa mwuzaji wa kesho. Hulipa kiingilio, hununua shehena ya kwanza, kisha huambiwa awalete wengine chini yake, nao walete wengine. Aliye juu hupata fungu kutoka kwa kila aliye chini. Katika kata kama yetu, ambamo watu wanajuana, wanunuzi huisha upesi. Wa mwisho kuingia hubaki na makopo uvunguni na deni katika kikundi. Hawezi kumlaumu aliyemwingiza, kwa maana ni shemeji yake. Naye mwenyewe amekwisha kumwingiza dada yake. Hivyo ndivyo udugu, ambao ni mali pekee ya maskini, unavyogeuzwa kuwa njia ya kuuzia.

Haya hatuyasemi kwa kukisia. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife, iuzayo unga na vidonge vya kupunguza uzito duniani kote, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili namna yake ya kufanya kazi Marekani, baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishitaki kwamba iliwadanganya watu juu ya kipato, na kwamba ililipa zaidi kwa kuingiza watu wapya kuliko kwa kuuza bidhaa kwa watumiaji. Mwaka uliofuata hundi zilitumwa kwa watu karibu 350,000 waliopoteza fedha. Sisi Watanzania nasi tuna somo letu. Mwaka 2009 DECI ilipofungwa, watu wengi waliokuwa wameahidiwa kupanda fedha na kuvuna nyingi zaidi walibaki mikono mitupu. Nao walikuwa wameitwa kwa maneno ya imani, na ndugu waliowaamini.

Ndiyo maana twaumizwa tunapoona makopo yakitangazwa katika nyumba za ibada, baada ya sala, na watu wenye heshima ya kiroho. Mimbari haikujengwa iwe meza ya sokoni. Msikiti na kanisa vyote vimefundisha kwamba kupunja mizani ni dhambi. Basi na mizani ya kumpimia mama uzito ili auziwe uongo iwekwe katika hesabu hiyohiyo.

5. Biashara ya aibu

Wazee watakumbuka kwamba si zamani sana unene ulikuwa sifa. Mtu aliyenenepa aliambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, Waganda waliuita “Slim”, yaani wembamba, na hata kwetu mtu aliyekonda alinyooshewa kidole. Wengi waliogopa kupungua kuliko kuongezeka. Leo mambo yamegeuka, na anayenyooshewa kidole ni mnene. Katika miji yetu huuzwa vidonge vya kuongeza makalio na nyonga, na pengine duka hilohilo huuza vidonge vya kupunguza tumbo. Mwenye kuuza vyote viwili hajali mwili wako uweje. Anachohitaji ni wewe usiupende mwili ulio nao.

Hatukatai kwamba unene uliozidi ni tatizo la kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Miaka mitano kabla yake walikuwa asilimia 22. Unene wa namna hiyo huleta presha na kisukari. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 45 ya wanawake walikuwa na upungufu wa damu. Mambo haya matatu huweza kukaa katika nyumba moja: mama mzito, asiye na damu ya kutosha, na mtoto aliyedumaa. Yote matatu yanatokana na chakula kisicho na uwiano: wanga mwingi, mafuta na sukari, na uhaba wa mboga, kunde na samaki. Nyumba hiyo ikitoa fedha zake za mezani kununua kopo la kumpunguza mama, huwa imemnyima mtoto dagaa na mama mchicha. Huo ndio uovu wa biashara hii.

6. Mbele ya sheria

Tanzania ina sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji katika biashara. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusimamia watoa tiba hizo. Mwaka 2019 iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamia TBS.

Wauzaji wanaijua mipaka hiyo vizuri. Mbele ya mkaguzi, kopo ni chakula tu. Mbele ya mgonjwa, ni dawa. Kwenye karatasi pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu ugonjwa. Mdomoni husemwa kwamba inatibu kila ugonjwa. Mdomo haukaguliwi. Aliyepona hutolewa ushuhuda, aliyezidiwa huambiwa hakutumia kwa imani au hakumaliza dozi.

Lililo baya zaidi ni pale mgonjwa wa kisukari au presha anaposhauriwa kuacha vidonge vya hospitali ili “asafishe mwili” kwanza. Mwenye kutoa shauri hilo ahesabiwe kuwa ameweka maisha ya mtu hatarini, awe amevaa suti au koti jeupe.

7. Njia iliyo ya haki

Rufiji imewahi kuufundisha ulimwengu namna ya kutumia fedha ya afya. Kabla Kibiti haijawa wilaya, sote tukiwa wilaya moja ya Rufiji, mradi wa TEHIP ulifanyika hapa na Morogoro Vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Watumishi walihesabu maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu, kisha wakapeleka fedha kule maradhi yalikokuwa, kwa nyongeza isiyofika dola moja kwa kila mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na ukweli, na fedha kidogo zilizofuata ukweli huo.

Kaya nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari zaidi ya gramu 35. Mwenye kunywa moja kila siku akiiacha, atakuwa amefanya ambalo kopo haliwezi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori takriban 120. Mama apimaye mafuta kwa kijiko, badala ya kumimina, analipunguza ghala. Matembele, kisamvu, mchicha, mlenda, kunde, choroko, samaki na dagaa vipo. Embe na papai zina vitamini A, mapera na ubuyu vina vitamini C, na vyote hivi vyaota katika udongo wetu. Mwendo wa miguu kwenda shambani ulikuwa dawa ya babu zetu kabla ya bodaboda.

Na yule ambaye unene wake umekuwa ugonjwa, aende zahanati au kituo cha afya apimwe presha na sukari. Dawa za kweli za kupunguza uzito zipo duniani siku hizi, lakini hizo huandikwa na daktari, hufuatiliwa na daktari, wala haziuzwi mlangoni na jirani.

8. Twataka nini

Kwa hiyo twasema:

Kwa wauzaji, ndugu zetu: tunajua wengi wenu mliingia kwa kutafuta riziki, hasa baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kuzamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Hatuwahukumu kwa umaskini wenu. Lakini umaskini wetu sote haupunguzwi kwa kudanganyana. Acheni kuuza ahadi ambayo hamwezi kuithibitisha.

Kwa watumishi wa afya na walimu: heshima mliyo nayo mlipewa kwa ajili ya wagonjwa na watoto. Msiikodishe.

Kwa viongozi wa dini zote: fungeni milango ya nyumba za ibada kwa biashara hii.

Kwa viongozi wa vijiji, kata na halmashauri: wataalamu wa lishe waje katika mikutano yetu, na mwuzaji adaiye kutibu aonyeshe kibali chake hadharani kabla ya kufungua mkoba.

Kwa TBS, TMDA na Tume ya Ushindani: sheria zinazoishia Dar es Salaam hazimlindi mkulima wa Mahege.

Na kwenu nyote: msimcheke mtu mnene. Kicheko chenu ndicho kinachomsukuma mlangoni kwa mwuzaji.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni familia ngapi zimenunua makopo hayo, na fedha zilitoka wapi?
2. Nani alifaidika, na nani amebaki na deni? Tutamsaidiaje aliyebaki na deni bila kumwaibisha?
3. Fedha ya kopo moja ingenunua nini kwa ajili ya chakula cha watoto kwa mwezi mmoja?
4. Nani miongoni mwetu ameacha dawa za hospitali kwa sababu ya ushauri wa mwuzaji? Nani atamsindikiza kurudi kituoni wiki hii?